UZI: Toyota za China ziko mbili, FAW na GAC. Harrier au Venza? RAV4 au Wildlander? Tuelewane hapa

Mleta uzi (Guangzhou):

Wakuu, habari za majukumu.

Nimeamua kuandika uzi huu baada ya kaka mmoja wa Lubumbashi kunipigia simu saa nane usiku. Kwake ilikuwa saa mbili tu, mtu ametoka kula chakula cha jioni. Swali lake ni lile lile ninaloulizwa kila wiki: "Ndugu yangu, nichukue Toyota ya FAW au ya GAC? Ipi ndiyo Toyota ya kweli?" (FAW na GAC ni makampuni mawili ya Kichina yanayounda Toyota hapa kwa ubia.)

Mimi nafanya kazi ya kusafirisha mizigo hapa Guangzhou. Zamani wateja wangu walikuja kununua nguo, vigae na vifaa vya umeme. Sasa wengi wanaulizia magari, hasa wa Congo, Burundi na Rwanda, kwa sababu kwao gari linapita kulia na magari ya hapa yana usukani kushoto. Jibu langu la haraka ni kwamba zote mbili ni Toyota ya kweli, na mara nyingi ni gari lile lile lenye uso tofauti. Hilo "mara nyingi" ndilo linalohitaji maelezo, kwa hiyo vuteni viti.

Kwanza, kwa nini ziko mbili. Sera ya China ya viwanda vya magari ya mwaka 1994 ilisema kampuni ya nje haiwezi kuja kujenga kiwanda peke yake. Lazima ishirikiane na kampuni ya Kichina, hisa zake zisizidi nusu, na kwa aina moja ya magari isiwe na washirika zaidi ya wawili. Basi makampuni makubwa yote yakajaza nafasi zote mbili. Volkswagen ina SAIC kule Shanghai tangu miaka ya 1980 na FAW kule Changchun tangu 1991. Honda ina GAC na Dongfeng. Toyota ina FAW upande wa kaskazini, makao Tianjin, na GAC huku kwetu kusini, kiwanda kiko Nansha, Guangzhou. Wachina wenyewe huziita Toyota ya kaskazini na Toyota ya kusini. Zuio la hisa kwa magari madogo liliondolewa mwaka 2022, lakini ndoa zilikwishafungwa na watoto wameshazaliwa.

Ya kaskazini ndiyo iliyotangulia. Gari la kwanza la Toyota kutoka kiwanda cha ubia hapa China lilikuwa Coaster, Kosta hii hii ya kwetu, lililoundwa Chengdu mwaka 2000. Mwaka 2002 Tianjin wakatoa Vios, na mwaka huo huo FAW ikaingia. Ya kusini ilianzishwa 2004, na Camry ya kwanza ikatoka Nansha mwaka 2006.

Miaka ya mwanzo waligawana bila ugomvi: Corolla, Crown, RAV4 na Prado kaskazini, Camry na Highlander kusini. Halafu kila mshirika akaanza kutamani gari la mwenzake. Mwaka 2014 GAC wakapata Corolla yao, wakaiita Levin. Mwaka 2018 ikaja C-HR ya GAC na pacha wake Izoa wa FAW. Tangu hapo Toyota imekuwa ikizaa mapacha tu: RAV4 (FAW) na Wildlander (GAC), Corolla Cross (FAW) na Frontlander (GAC), Harrier (FAW) na Venza (GAC), Crown Kluger (FAW) na Highlander (GAC), Granvia (FAW) na Sienna (GAC).

Msishangae. Sisi jambo hili tunalijua tangu zamani ila hatukuulizana sababu. Noah na Voxy ni nini? Premio na Allion je? Kule Japani Toyota ilikuwa na mitandao tofauti ya maduka. Noah iliuzwa kwenye maduka ya Corolla, Voxy kwenye ya Netz. Premio ilikuwa ya Toyopet, Allion ya maduka yaliyoitwa Toyota. Gari moja, milango miwili ya kuuzia, kila mlango unataka sura yake. Japani waliacha mtindo huo Mei 2020, kila duka likaruhusiwa kuuza magari yote. Huku China mtindo ndio kwanza ulikuwa umeshika kasi.

Sasa niwaambie nilichokiona kwa macho yangu. Mwaka jana mteja wa Goma alinunua Wildlander, na siku tunaipeleka yadi tukakuta pembeni yake RAV4 ya mwaka ule ule inasubiri kontena. Nikawaomba vijana wa yadi wazipandishe zote. Nilikaa chini yake na tochi karibu saa nzima, kikoti kimelowa mafuta. Mikono ya chini ya mbele, bushi, fremu inayobeba injini, bomba la moshi linavyopinda kukwepa tangi, hata vishikizo vya plastiki vinavyobana waya za breki, vyote vimekaa pale pale. Tukafungua boneti. Injini ni lita 2.0 kwenye zote. Nikachomoa chujio la hewa la Wildlander nikalipachika kwenye RAV4, likaingia bila kulazimishwa. Tukapima kutoka katikati ya tairi la mbele hadi katikati ya la nyuma: milimita 2,690 kwa 2,690. Wildlander ni ndefu kidogo kwa ujumla, lakini urefu huo uko kwenye pua na mkia.

Tofauti inaanza hapo: show ya mbele, bampa, taa, na urembo wa ndani hapa na pale. Na hapo ndipo mteja wangu huyo alipokuja kuumia. Miezi minne baadaye aligongwa taa ya kulia. Akaagiza kwa mtu mwingine, akaambiwa "taa ya RAV4 ndiyo hiyo hiyo, ni gari moja". Ikafika Goma baada ya wiki kadhaa, ikagoma kuingia. Hela ya taa na ya usafiri ikapotea, na gari likaendelea kutembea na jicho moja. Kanuni ninayowapa watu tangu siku hiyo: kilichojificha chini na ndani ya boneti, mapacha wanagawana, kinachoonekana ukisimama mbele au nyuma ya gari, usiagize mpaka uwe na namba ya chasisi mkononi.

Namba ya chasisi ndiyo hirizi yenu. Gari la Japani namba yake ya kimataifa inaanza na J, la China inaanza na L. Ukiona LVG, hiyo ni ya GAC. Ukiona LFM, hiyo ni ya FAW. Na hata usipoweza kufungua gari, zunguka nyuma, upande wa kushoto wa mlango wa buti kuna herufi nne za Kichina. Mbili za mwisho ni zile zile, zinasomeka Fengtian, yaani Toyota. Tazama ya kwanza. Ya FAW ni mstari mmoja tu mlalo, kama deshi, maana yake "moja". Ya GAC ina nukta juu, mstari mlalo chini yake, na mkia unaoshuka kushoto. Hata mtoto anaweza kuzitofautisha.

Karibuni kwa maswali.

Mchangiaji (Dar es Salaam):

Mkuu, uzi mzuri. Ila nina fundi wangu hapa Ilala, amekaa kwenye magari miaka ishirini, anasema Toyota ya China ni bati jepesi, siyo kama ya Japani. Na mimi nimepanda Harrier ya zamani, ile tunayoiita tako la nyani, miaka sita haijawahi kunisumbua, sasa nipo kwenye Harrier Anaconda. Hiyo Harrier ya China ni ipi hasa?

Mleta uzi:

Mkuu, namheshimu fundi wako, lakini muulize kama ameshalala chini ya moja. Harrier ya FAW ni kizazi kilichofuata baada ya Anaconda, kile kilichotoka Japani mwaka 2020. Msingi wake ni ule ule wa Toyota unaobeba RAV4 na Camry za sasa, na injini ni lita 2.0 ya petroli au 2.5 ya haibridi, yaani petroli na umeme pamoja. Venza ya GAC ni Harrier hiyo hiyo iliyobadilishwa uso. Hata Marekani Harrier hii iliuzwa kwa jina la Venza, na ile ilitoka Japani.

Kuhusu bati jepesi sikubaliani. Kwa mapacha hawa Toyota hawachori gari jingine kwa ajili ya Mchina. Vipimo na ukaguzi vinafuata utaratibu wa Toyota, na nusu ya kila ubia ni ya Toyota yenyewe. Ninachokubali ni kwamba vifaa vya ndani vinachaguliwa kwa ladha ya mnunuzi wa hapa: skrini kubwa zaidi, viti vya rangi ya maziwa, paa la kioo. Na usukani uko kushoto, kwa hiyo wewe wa Dar hii siyo ya kwako. Baki na Anaconda yako.

Mchangiaji (Nairobi):

Ndugu, sisi wa Kenya basi tusome tu tuende zetu? Gari la usukani wa kushoto halisajiliwi huku, na pia lisizidi miaka minane.

Mleta uzi:

Kusajili, hapana. Lakini soma kwa ajili ya majina, maana yanachanganya watu hata kwenye vipuri, na vipuri vya China vinafika hadi Kirinyaga Road. Kluger tuliyoizoea sisi ni ile iliyokoma Japani mwaka 2007. Crown Kluger ya FAW ni Highlander ya sasa iliyopewa nembo ya taji. Allion tunayoijua ni pacha wa Premio. Allion ya FAW iliyotoka 2021 ni Corolla iliyorefushwa, nafasi kati ya matairi milimita 2,750, na pacha wake upande wa GAC anaitwa Levin GT. Granvia ya zamani ni ile basi ndogo ya miaka ya 1990, Granvia ya FAW ni Sienna. Ukimwambia muuzaji wa Guangzhou "nataka bushi za Kluger" bila namba ya chasisi, mtapishana kama meli usiku.

Mchangiaji (Lubumbashi):

Kiongozi, ni mimi niliyekupigia usiku, unisamehe. Nataka gari ya kwenda Kolwezi na kurudi, watu saba, mara nyingine natoka kwenye lami nafika kwenye mashamba. Highlander ao Crown Kluger? Muuzaji mmoja ananiambia Crown Kluger ni ya daraja la juu, anaongeza bei sana.

Mleta uzi:

Usijali kuhusu simu, kaka, ndiyo kazi.

Hapo pesa yako inalipia taji. Highlander na Crown Kluger zote zina haibridi ya lita 2.5, zote viti saba, na nafasi kati ya matairi ni milimita 2,850 kwa zote. FAW walikuwa wameacha kutengeneza Crown ile ya saluni mwaka 2020, jina likabaki na heshima kubwa hapa China kwa sababu lilibeba wakurugenzi na maofisa miaka mingi. Wakalipachika kwenye gari la familia. Ni haki yao, na sura yake kweli ina heshima. Ila shokapu hazijui kama zimebeba taji.

Kwa hiyo kwa mapacha hawa mimi natazama mambo mengine kabisa. Gari limetembea kilomita ngapi na karatasi za huduma zinasema nini. Limekaa mji gani, maana lililokaa kaskazini kwenye theluji limemwagiwa chumvi ya barabarani, na chumvi inakula chuma kuanzia chini. Na lina magurudumu manne yanayovuta au mawili, kwa sababu zote mbili zinauzwa kwa aina zote, na wewe unatoka kwenye lami.

Kitu kimoja zaidi kwako wewe wa vumbi la Katanga. Hii haibridi ina betri kubwa inayopozwa kwa hewa ya ndani ya gari, na hewa hiyo inavutwa kupitia tundu lenye kichujio karibu na kiti cha nyuma. Watu wanatupa mifuko na mablanketi hapo, au wanaacha kichujio kijae vumbi, betri inapata joto, halafu wanasema haibridi ni mbovu. Kisafishe kila unapobadilisha oili. Na oili yenyewe ni nyepesi, 0W-16 ndiyo iliyokusudiwa. Usimruhusu mtu akumwagie oili nzito ya lori.

Mchangiaji (Maskati):

Assalaam alaykum jamaa. Mimi niko Oman, huku usukani ni kushoto kama China. Nina Levin ya haibridi, nimeipata kwa mtu aliyeileta kupitia Dubai, mwaka wa pili sasa. Gari tamu, mafuta inanusa tu. Lakini niseme mawili. Skrini yangu ni Kichina mtupu, sikuona pa kubadilisha lugha, nikajifunza kwa kukariri picha. Na udhamini nilipouulizia nikaambiwa gari hili halikuuzwa kwao, nijitegemee. Radio angalau inashika stesheni zote, si kama gari la Kijapani nililokuwa nalo zamani Unguja, lile liliishia katikati.

Mleta uzi:

Waalaykum salaam, ahsante kwa ushuhuda. Radio ya Japani inaanzia 76, na nyingi za zamani zinaishia 90, ndiyo maana tulikuwa tunafunga kile kidude cha kuongeza masafa. Ya China inakwenda 87 hadi 108 kama yetu.

La udhamini walisikie wote: udhamini wa China unabaki China, uwe wa FAW au wa GAC. Anayekuambia vinginevyo mwombe akuandikie.

Na Levin ya haibridi ina historia yake hapa mjini. Guangzhou namba za magari zimewekewa kikomo tangu 2012, unapata kwa bahati nasibu au kwa mnada. Jiji likatenga fungu la namba kwa ajili ya magari yanayobana mafuta, na haibridi za Toyota zikaingia humo. Watu wakazikimbilia, hasa Levin na Camry zinazoundwa hapo hapo Nansha. Ndiyo maana haibridi za GAC zilizotumika ni nyingi sokoni hapa, na ndiyo sababu ya pekee inayonifanya mara nyingi nimpe mteja ya GAC: nikisimama yadi naona kumi za kuchagua, za FAW naona tatu. Ningekuwa Tianjin huenda ningeandika kinyume.

Mchangiaji (Kigali):

Mkuu, umesema "mara nyingi" ni gari moja. Ni wapi siyo moja? Mimi natafuta la umeme.

Mleta uzi:

Swali zuri kuliko yote, na hapa ndipo FAW au GAC inakuwa na maana.

Kwenye saluni kubwa, Avalon ni ya FAW na Camry ni ya GAC. Msingi mmoja, lakini Avalon ni milimita 2,870 kati ya matairi na Camry ni 2,825. Anayekaa nyuma anaiona tofauti kwenye magoti. Hawa ni ndugu, siyo mapacha.

Kwenye umeme wameachana kabisa. bZ4X ya mwaka 2022 ilikuwa pacha wa kawaida, iliundwa pande zote mbili, na haikuwatikisa Wachina. Baada ya hapo kila mmoja akashika njia yake. FAW wakatoa bZ3 mwaka 2023, saluni iliyotengenezwa pamoja na kampuni ya Kichina ya BYD, betri na mota za BYD. Mwaka 2025 wakaongeza bZ5, nayo kwa ushirikiano na BYD. GAC wao mwaka 2025 wakatoa bZ3X waliyoichora na wahandisi wa hapa hapa, na matoleo ya juu yana mfumo wa kumsaidia dereva kuendesha wa kampuni ya Momenta. Bei ya kuanzia ilikuwa yuan 109,800, na siku inafunguliwa watu wa hapa walipigania kuweka oda. Kwa hiyo bZ3 na bZ3X zinatofautiana kwa herufi moja tu, lakini hakuna chujio, bushi wala betri utakayoihamisha kutoka moja kwenda nyingine kwa kukisia. Fundi akizoea ya FAW, ya GAC ni somo jipya.

Na kabla hujalipa, tazama tundu la kuchajia. China wanatumia mfumo wao wa GB/T, siyo ule wa Ulaya. Uliza kwanza pale utakapochajia Kigali wana plagi gani, au panga kuchajia nyumbani kwa adapta ya kuaminika. Ukipata picha ya chaja za karibu nawe, iweke hapa tuitazame pamoja.

Mchangiaji (Lubumbashi):

Kiongozi, nimerudi. Yule muuzaji amenitumia picha ya nyuma ya gari na karatasi. Anasema ni Crown Kluger ya FAW, ya 2022. Namba ya chasisi inaanza LVG. Nyuma, herufi ya kwanza ina nukta juu na mkia kushoto.

Mleta uzi:

Kaka, hiyo ni Highlander ya GAC. Gari ni zuri, wala usilikatae kwa sababu hiyo, lakini hakuna taji hapo, na bei ya taji usiilipe. Usimtumie hata yuan moja leo. Nitumie namba nzima inbox pamoja na jina la yadi. Kesho asubuhi nina kontena Nansha, nitapita kuliona, nitaingia chini yake, na nitakupigia picha ya kile kichujio cha betri nyuma. Kikiwa cheusi tutajua limeishi maisha gani.